Mgonjwa Haulizwi Uji: Masimulizi ya Maradhi ya Kusingizia na Suala la Ithibati katika Uhakiki

Utangulizi

Waswahili husema mgonjwa haulizwi uji. Aghalabu methali hii hufasiriwa kuwa himizo la ukarimu: mwenye haja apewe, asisumbuliwe kwa maswali ambayo majibu yake yako wazi. Hata hivyo, tukiitazama kwa makini tutaona kwamba imebeba pia sharti la kimasimulizi. Inamwondolea mgonjwa mzigo wa kutoa ithibati. Akishasema kwamba hajiwezi, au wengine wakishasema kwa niaba yake, uji hupikwa. Hadhira yake haina haki ya kudai ushahidi kama inavyoudai kwa mdai wa deni au kwa mshtakiwa. Mkabala na methali hiyo tunayo nyingine, ile isemayo kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Maumivu yana shahidi mmoja tu, na shahidi huyo ndiye mwenye dai.

Makala haya yanachunguza masimulizi yanayozaliwa katika mwanya ulio baina ya methali hizo mbili. Tunakusudia masimulizi ya mtu asiyeumwa lakini anayesimulia maradhi, tena kwa muda mrefu na kwa utaratibu, mbele ya watu waliokusanyika ili waliwazane. Tangu intaneti ienee katika miaka ya 1990, watu hao wanaweza kuwa mamia ambao hawajapata kuonana. Anayefanya hivyo kwa ajili ya fedha hatutamshughulikia sana. Huyo ni tapeli. Sheria inamjua na nia yake haina fumbo. Belle Gibson wa Australia, aliyedai kuwa ameidhibiti saratani ya ubongo kwa chakula na kuuza kitabu na programu ya simu kwa nguvu ya dai hilo, alitozwa na Mahakama ya Shirikisho ya nchi hiyo faini ya dola 410,000 za huko mwaka 2017. Kwa mhakiki, jambo hilo limekwisha. Anayetushughulisha ni yule asiyetaka hata senti. Anayetaka tu aulizwe kila asubuhi ameamkaje.

Hoja yetu ni kwamba mtindo wa masimulizi hauwezi kutoa ushahidi juu ya mwili wa msimulizi, si wa kumtetea wala wa kumshtaki. Hoja hii yaonekana nyepesi. Lakini uhakiki wetu wa Kiswahili, ambao kwa miongo kadhaa umeufanya uhalisia kuwa kipimo kikuu cha kazi, umetuzoesha kuamini kinyume chake bila sisi wenyewe kutambua. Ni wangapi miongoni mwetu hawajatunga swali la mtihani linalomtaka mtahiniwa ajadili uhalisia wa mhusika fulani, na kumtuza alama aliyejibu kwamba mateso ya mhusika huyo "yanaaminika"?

Jina lililokopwa kwa fasihi

Utabibu wenyewe, ulipotaka kumpa mtu huyu jina, uligeukia rafu ya vitabu vya hadithi. Mwaka 1951 daktari Mwingereza, Richard Asher, alichapisha katika jarida la The Lancet maelezo ya wagonjwa waliokuwa wakizunguka kutoka hospitali moja hadi nyingine na visa vya kusisimua vya maradhi, vingi vikiwa vya uongo, wakawa radhi hata kupasuliwa. Hali hiyo akaipa jina la Munchausen. Mwenye jina alikuwa mtu wa kweli: bwana wa Kijerumani aliyeishi baina ya 1720 na 1797, mwanajeshi mstaafu aliyewaburudisha wageni wake kwa visa vya vita na uwindaji vilivyotiwa chumvi. Rudolf Erich Raspe alivichukua visa vya namna hiyo, akaviongezea vyake, akavichapisha London mwaka 1785 ilhali mwenye jina angali hai.

Kinaya ni kwamba bwana huyo hakujisingizia ugonjwa. Alikuwa fanani mbele ya hadhira iliyoridhia. Waliokaa mezani pake walijua walichoitiwa, kama watoto wetu wanavyojua walichoitiwa wasikiapo "Paukwa!" nao wakaitika "Pakawa!" Mwitiko huo ni mkataba: tangu hapo msimulizi ana ruhusa ya kusema uongo, na msikilizaji ana ruhusa ya kulia bila ya kuibiwa machozi yake. Anayesimulia maradhi asiyokuwa nayo hatoi paukwa. Kosa lake la kwanza, basi, haliko katika uongo wenyewe, kwani kwa kipimo hicho watambaji wote wangehukumiwa. Liko katika kuinyima hadhira nafasi ya kuitika.

Fasihi ya kale ilimjua mtu huyu, ingawa mara nyingi ilimpa tamaa ya mali ili kulirahisisha jambo. Volpone wa Ben Jonson, katika tamthilia iliyoigizwa mwaka 1606, ni tajiri wa Venice anayejilaza kitandani akijifanya mahututi ili wanaotumaini kumrithi wamletee zawadi. Hukumu anayopewa mwishoni inastahili kutajwa: mali yake yapelekwe katika hospitali ya wasiopona, naye afungwe pingu hadi awe mgonjwa na kiwete wa kweli. Mahakama ya Jonson haimwadhibu kwa kumkanusha. Inamwadhibu kwa kuyatimiza masimulizi yake. Argan wa Molière, katika tamthilia ya mwaka 1673, ni mtu mwingine kabisa na asichanganywe naye. Argan anaamini kwamba anaumwa. Anajidanganya mwenyewe kabla ya kumdanganya mtu yeyote.

Mfano ulio karibu zaidi na hoja yetu unatoka Basra. Katika maqama za al-Hariri, aliyefariki mwaka 1122, Abu Zayd wa Saruj huzuka kila mahali kwa umbo jipya: hapa kipofu anayeongozwa na kikongwe, pale kiwete mwenye nguo chakavu. Katika maqama ya tatu anajikokota hadi kwa al-Harith, ambaye ndiye msimulizi wa maqama zote, na al-Harith anamwahidi dinari akiweza kuisifu dinari hiyo kwa shairi. Anaisifu. Anaahidiwa ya pili akiweza kuikashifu. Anaikashifu kwa ufundi ule ule. Ndipo al-Harith anapomtambua na kumwambia kwamba fasaha yake imemfichua, basi na anyooshe mwendo wake. Dinari hamnyang'anyi.

Tazama kilichotokea. Fasaha ndiyo iliyokuwa chombo cha hila, na fasaha hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ithibati ya hila. Al-Harith ni mhakiki: anautambua mtindo, anamjua mtunzi. Anaweza kufanya hivyo kwa sababu mbili ambazo sisi wa leo tumezikosa. Kwanza, anamwona kiwete akitembea. Mwili upo mbele yake, na maneno yanaweza kulinganishwa na mguu. Pili, amekwisha kukutana na mtunzi huyu hapo awali. Na tusisahau kwamba al-Harith hakuwahi kuombwa huruma tupu. Aliagiza shairi na akalilipia shairi.

Papa, kima na mke wa kobe

Kisa cha kima aliyechukuliwa baharini na papa kinajulikana na kila mwanafunzi wetu. Edward Steere alikirekodi Unguja na kukichapisha katika mkusanyiko wake wa hadithi za Kiswahili mwaka 1870. Papa anamzoea kima kwa matunda ya mkuyu, anamwalika kwao, na wakiwa katikati ya maji anamwambia kwamba Sultani wao hawezi na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba moyo ameuacha mtini, kwani kima hawatembei na mioyo yao. Wanarudi, kima anaruka juu, na papa anabaki akingoja.

Asili ya kisa hiki, kama inavyofahamika, ni Bara Hindi, na kilipitia Kalila wa Dimna ya Ibn al-Muqaffa' ya karne ya nane. Humo, mnyama wa majini ni kobe. Mke wake anaona wivu kwa kuwa mumewe amesahau nyumba kwa ajili ya urafiki na kima. Jirani anamshauri ajifanye mgonjwa, na mume anaporudi anaambiwa kwamba mkewe ana maradhi yasiyo na dawa ila moyo wa kima. Hapo ndipo mtu wetu alipo: mke aliyesahauliwa, anayejilaza ili atazamwe. Tena hayuko peke yake. Yuko pia jirani anayesimulia kwa niaba yake. Tutamkuta tena jirani huyo.

Tofauti ya matini hizi mbili haijapewa uzito unaoistahili. Katika Kalila wa Dimna mna uongo wa aina mbili kuhusu mwili. Mke anadai maradhi yasiyokuwepo, na kima anadai kwamba moyo uliopo haupo. Uongo wa pili unaulipa wa kwanza, na kisa kinafunga hesabu. Katika matini ya Unguja uongo wa kwanza umeondoka. Sultani anaumwa kweli, au walau hakuna neno katika kisa linalotupa ruhusa ya kumshuku. Wivu wa nyumbani umekuwa haja ya dola, na anayesema uongo juu ya mwili wake ni mmoja tu, naye ni yule anayetaka kuuawa.

Inawezekana kusema kwamba msimulizi wa Unguja alisahau kipengele cha mke, au aliona Sultani anafaa zaidi. Sisi tunaona kuna zaidi ya hapo. Jamii iliyozoea kwamba mgonjwa haulizwi uji haikuona vyepesi kuutia ugonjwa wenyewe katika shaka hadharani, mbele ya watoto. Iliuhamishia ujanja mahali unapoweza kushangiliwa. Uongo wa kima juu ya moyo wake ni silaha ya mnyonge. Hauombi huruma ya mtu, unaomba njia ya kurudi pwani. Huu ni ufasiri, na tuko tayari kukosolewa na wataalamu wa fasihi simulizi wenye matini nyingine mikononi.

Zaidi ya hayo, jamii hiyo hiyo ilikuwa na mahali pengine pa kuuliza. Katika uganga wa pepo wa pwani, mwenye maradhi huwa kiti, na aliyekikalia huulizwa: ni nani, anatoka wapi, anataka nini. Huenda akataka nguo, pete, au ngoma ya siku kadhaa. I. M. Lewis, katika makala yake maarufu ya mwaka 1966, aliona katika mambo ya namna hii njia ya mzunguko ya wanyonge, hasa wanawake, kupata kutoka kwa waume kile ambacho wasingepewa kwa kukiomba waziwazi. Linda Giles, aliyefanya utafiti katika pwani ya Waswahili, aliupinga ufasiri huo mwaka 1987, akionyesha kwamba madai ya unyonge hayatoshi kuueleza uganga huo. Hatuna haja ya kuamua baina yao hapa. Linalotufaa ni utaratibu wenyewe. Mgonjwa haulizwi, lakini pepo huulizwa, tena na mtu aliyefundishwa kuuliza, mbele ya mashahidi, na mwili ukiwapo. Katika kundi la intaneti hakuna mganga wa kulisimamia swali hilo. Kuna maandishi na wasomaji.

Mvulana wa simu

Tukio linalopaswa kumkosesha usingizi mhakiki wa fasihi lilianza kabla intaneti haijaenea. Mwaka 1993 kilichapishwa Marekani kitabu kiitwacho A Rock and a Hard Place, tawasifu ya mvulana aliyetajwa kwa jina la Anthony Godby Johnson. Kilieleza jinsi alivyoteswa na wazazi wake, akaokolewa na mama mlezi, kisha akagundua kwamba ana UKIMWI. Utangulizi uliandikwa na Paul Monette. Neno la mwisho liliandikwa na Fred Rogers, mtangazaji mpendwa wa vipindi vya watoto vya televisheni. Watu wengi, wakiwemo waandishi, walizungumza na mvulana huyo kwa simu, usiku kwa usiku, kwa muda mrefu. Hawakumwona. Kila walipotaka kumtembelea, hali yake ilikuwa imezidi kuwa mbaya. Mwaka huo huo wa 1993 jarida la Newsweek liliuliza waziwazi kama yupo. Ushahidi kwamba alikuwepo haukupatikana.

Armistead Maupin, mmoja wa waliokuwa wakipigiwa simu, alilifanya tukio hilo kuwa riwaya, The Night Listener, mwaka 2000. Katika maisha halisi, mwenzi wake ndiye aliyegutushwa na jambo dogo: sauti ya mvulana na ya mama yake mlezi zilifanana mno. Riwaya hii ni nzuri kuliko ilivyohitaji kuwa, kwa sababu Maupin hakumfanya msimulizi wake kuwa hakimu. Alimfanya kuwa msimulizi wa redio, mtu ambaye riziki yake ni kuyachukua maisha yake, kuchagua yanayong'aa na kuyatia rangi. Mdanganywaji ni fundi wa kazi ile ile ya mdanganyifu. Anasafiri kumtafuta mtoto katika baridi ya Wisconsin, na riwaya inakwisha bila ya mlango wa shaka kufungwa kabisa. Wapo waliouona mwisho huo kuwa udhaifu. Sisi twauona kuwa uaminifu kwa tajriba ya msikilizaji, ambaye akishaambiwa kwamba hapakuwa na mtoto, bado anayo machozi aliyokwisha kuyatoa, na hajui ayarejeshe wapi.

Hata hivyo, kwa maoni yetu, mtu wa kutafakariwa zaidi katika mkasa huu ni Monette. Alikuwa mshairi na mwandishi wa Borrowed Time, kumbukumbu ya mwaka 1988 kuhusu kifo cha mwenzi wake kwa UKIMWI. Yeye mwenyewe alikuwa na ugonjwa huo alipouandika utangulizi wa kitabu cha mvulana, na ulimuua mapema mwaka 1995. Kama kuna msomaji aliyekuwa na sifa zote za kutambua masimulizi ya kweli ya maradhi hayo, ni yeye. Aliyajua mwilini. Aliyajua kwa kalamu. Na aliyatolea ushahidi maneno ya mtu ambaye hakuna aliyepata kumwona. Hatusemi hivyo kwa kumlaumu. Tunasema kwamba nadharia yoyote inayodai kuwa tajriba humwezesha msomaji kuutambua uhalisi katika matini, na nadharia ya namna hiyo tumeifundisha sana, haina budi kusimama mbele ya utangulizi huo na kujieleza.

Tabibu anapogeuka mhakiki

Mwaka 2000 Marc Feldman, daktari wa maradhi ya akili katika jimbo la Alabama, aliandika katika jarida la Southern Medical Journal kuhusu watu wanaosingizia maradhi katika makundi ya intaneti. Alitoa dalili za kuwatambua. Maelezo yao hufanana na yale ya vitabu vya tiba. Hukaribia kufa, kisha hupona kimiujiza. Madai yao hukinzana. Misiba huwaandama bila kikomo, hasa wakati mwanakundi mwingine anapoanza kutazamwa. Hulalamika kwamba hawaliwazwi vya kutosha. Hukataa kupigiwa simu. Na wanapojitokeza jamaa au rafiki kuandika kwa niaba ya mgonjwa, mtindo wao huwa ule ule wa mgonjwa. Huyu wa mwisho ndiye jirani wa mke wa kobe.

Hatuna shaka kwamba tabibu huyu aliyaona aliyoyaona, na makundi mengi yamenufaika na onyo lake. Lakini mhakiki akiitazama orodha hiyo ataona kwamba, ukiacha suala la simu, ni orodha ya vipengele vya fani: rejista, msuko, mgogoro, taharuki, sauti za wahusika. Tabibu aliyenyimwa mwili amegeuka msomaji wa matini, na kama msomaji anapima kwa kaida za utanzu. Tumwendee basi mgonjwa mashuhuri kuliko wote katika maandiko, Ayubu. Misiba yamfikia mfululizo bila ya nafasi ya kupumua. Wajumbe wanne wanaoileta wanamalizia habari zao kwa maneno yale yale, kana kwamba kalamu yao ni moja. Analalamika, tena kwa kirefu na kwa fasaha ya kutisha, kwamba rafiki zake ni wafariji duni. Mwishoni hali yake yageuzwa kwa muujiza. Kwa dalili za mwaka 2000, Ayubu angefukuzwa katika kundi. Na ndivyo hasa rafiki zake walivyotaka kumfanyia: walimtaka akiri kwamba kuna jambo analolificha.

Mwandishi wa makala haya ana sababu ya kulisema hili kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita, mwanafunzi mmoja wa uzamili alinijia ofisini kuomba muda zaidi wa kukamilisha sura ya pili ya tasnifu yake. Alisema anaumwa. Alisimulia vibaya. Tarehe zake ziligongana. Alicheka mahali ambapo mtu hacheki. Alitaja dawa, kisha akasahau jina lake. Alianza kwa kichwa, akaishia kwa mguu. Nilimsikiliza kama ninavyosoma insha, nikaona kwamba msuko hauna mantiki, nikamwambia alete barua ya daktari. Hakurudi. Mwenzangu ndiye aliyeniarifu, majuma mengi baadaye, kwamba alikuwa amelazwa, na maradhi yake yalikuwa ya mishipa ya fahamu, yaani yale yale yaliyomfanya asahau majina na asiweze kupanga tarehe. Kasoro za masimulizi yake zilikuwa ndizo ugonjwa wenyewe. Baada ya mwaka mmoja alirejea, akakamilisha tasnifu yake chini ya msimamizi mwingine.

Mwaka huo huo nilikuwa nimempa ruhusa mwanafunzi aliyenisimulia vizuri. Kama alikuwa mgonjwa au la, sijui hadi leo.

Tunapodai kwamba masimulizi ya maumivu yawe na mwanzo, kati na mwisho, yawe na undani wa kutosha lakini yasijirudie, yaguse lakini yasilalamike, tunaweka masharti ambayo mzima anayatimiza kwa urahisi kuliko mgonjwa. Mzima ana nafasi ya kufanya marudio. Mgonjwa wa kweli mara nyingi ni msimulizi mbaya: anachosha, anarudia, anakinzana na maneno yake ya juzi. Siku nyingine anajisikia vyema, na kisa kinalala.

Hali hii imeingia pia katika michango yetu ya matibabu. Harambee ya kulipia hospitali ilikuwa zamani jambo la ua na kanisa, na waliochanga walimjua mgonjwa au walimjua anayemjua. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, mchango unaweza kuombwa kwa watu wasiomjua hata jirani yake. Kwa kuwa wapo waliodanganywa, wachangaji wameanza kudai vielelezo: picha ya mgonjwa kitandani, bili yenye mhuri, majina ya dawa. Hatuwezi kuwalaumu. Lakini utanzu mpya umezuka, na mwenye maradhi hana budi kuujifunza haraka kabla uji haujapikwa. Familia isiyokuwa na mwandishi hodari hupata kidogo. Mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada ya utafiti angeweza kuanzia hapo, ilimradi asikusudie kutuambia ni matangazo yapi ya kweli.

Msichana wa Kansas

Kati ya mwaka 2000 na 2001 wasomaji wengi wa intaneti walifuata shajara ya msichana wa miaka kumi na tisa, aliyejulikana kwa jina la Kaycee Nicole, mkazi wa Kansas, aliyekuwa na saratani ya damu. Aliandika kwa uchangamfu, hakujihurumia. Wapo waliozungumza naye kwa simu na kumpelekea zawadi. Katikati ya mwezi wa Mei 2001 ilitangazwa kwamba amefariki. Katika siku chache tu baadaye, mwanamke wa makamo aliyejiita mama yake alikiri kwamba msichana huyo hakuwahi kuwepo.

Linalotuhusu ni jinsi alivyogunduliwa. Haukuwa mtindo. Hakuna aliyesoma shajara ile na kusema kwamba sentensi zake ni za mtu mzima. Wasomaji walitaka kupeleka maua, wakauliza mazishi ni wapi, na pakawa hapana mazishi. Walitafuta tangazo la kifo katika magazeti ya huko, halikuwepo. Picha zikaonekana kuwa za msichana mwingine aliye hai na mzima. Walitoka nje ya matini wakatafuta mwili, na kwa kuwa kila kifo huacha karatasi, ukosefu wa karatasi ukawa jibu. Njia yao ilikuwa ya karani wa masjala, wala haikuwa ya mhakiki, na tunadhani hilo ni jema.

Shajara hiyo tuiweke wapi sasa? Rafu ya tawasifu haiwezi kuipokea, na rafu ya riwaya inadai paukwa ambayo haikutolewa. Wapo wanaopendekeza isomwe kama riwaya iliyochelewa kujitambulisha, na kwamba ikisomwa hivyo thamani yake itabaki. Hatukubaliani nao. Sentensi ya kawaida, mathalani kwamba leo nimeweza kupanda ngazi, ina uzito mkubwa ikisemwa na aliyekuwa hawezi. Ndani ya riwaya uzito huo hauna budi kujengwa kwa fani, kwa yale yaliyotangulia na yatakayofuata. Shajara ile haikuujenga. Iliukopa kwa wasomaji, ambao waliutoa kwa sababu kila mmoja wao aliwahi kumuuguza mtu. Ukiondoa mkopo huo, kinachobaki ni nathari ya kawaida ya mtu mchangamfu.

Alipokiri, mwanamke yule alijitetea kwa kusema kwamba msichana wake alikuwa mseto wa watu watatu aliowafahamu, wote wakiwa wameugua saratani. Waliomjadili walijiuliza mengi juu ya akili yake, juu ya sheria, na juu ya wepesi wa wasomaji wa kuamini. Watu hao watatu, ambao kwa maelezo yake maradhi yao yalikuwa ya kweli, walipita katika mjadala huo bila ya mtu kuuliza walivyokuwa wakisimulia wenyewe.